Bonde letu la Mudaka: tuchimbe mtaro zaidi, tununue motopompe, ao tuache?

MamaMboga_Mudaka

Jambo yenu wote. Niko ndani ya kikundi cha wamama na wababa wachache, tunalima bonde moja upande wa Mudaka, kwenye njia ya Kavumu, huku Kivu ya Kusini, Kongo. Bonde lina urefu wa mita mia nne hivi. Udongo ni mweusi, laini, ukichimba unakuta mizizi ya zamani haijaoza vizuri. Tunalima shu (kabichi), lengalenga (mchicha), karoti, na kiangazi tunaongeza maharagi. Mboga zinateremka Bukavu, Kadutu na Nyawera.

Shida iko pande mbili. Mwezi wa 3 na wa 4 mvua ikizidi, maji yanajaa bonde lote. Shu zinasimama ndani ya maji siku mbili tatu, majani yanakuwa ya manjano, ukiling'oa mizizi inanuka. Tena maji yanakuja na mchanga kutoka mlimani, yanafunika vitalu. Mwezi wa 7 na wa 8 inakuwa kinyume: udongo wa juu unakuwa vumbi jeusi, ukimwaga maji na arozwari (kopo la kumwagilia) yanateleza tu pembeni, hayaingii.

Ulikuja mradi mmoja (jina silitaji), wakachimba mtaro mkubwa katikati, kina chake kinanipita kiuno. Wakapiga picha, wakaondoka. Masika yale maji yalipungua kweli, nisiseme uongo. Lakini kiangazi kilichofuata tulipata taabu kuliko vyote vilivyotangulia. Sasa kijana wetu mmoja anasema mtaro haujafika chini, tuuongeze ufike mita mbili na tuujengee sementi. Wengine wanataka motopompe. Makuta tuliyochanga yanatosha kimoja tu.

Na lingine, bonde si letu. Tuko kwa bwasa, yaani tumekodi, tunalipa kila msimu. Mwenye shamba akiona limekuwa zuri, nini kitamzuia kulichukua?

Fiston_Kadutu

Mama, nunueni motopompe, mambo ya mitaro ni ya wakoloni. Petroli litri mbili tatu kwa siku, mnamwagilia, mnauza, basi.

Muzee_wa_Vani

Mama, jambo. Usichimbe. Naanza na jibu, maana najua asubuhi uko na haraka ya shamba. Maelezo utasoma jioni.

Fiston, wewe mtoto wangu, motopompe itatoa wapi maji ambayo mtaro umekwisha kuyapeleka ziwani? Ngoja kidogo.

Mimi nilikuwa nagawa maji kule uwandani, kwenye uwanda wa mto Ruzizi, upande wa Luvungi, kwa watu wa mpunga, kabla watoto hawajanipandisha Bukavu. Kule mvua ni chache kuliko huku, kwa hiyo tunakamata mito inayoshuka kutoka milima ya Itombwe, Luberizi, Sange, Runingu, tunaiongoza kwa mifereji mpaka mashambani. Ruzizi yenyewe watu wanaitazama tu, iko chini, kuipandisha ni kazi ya mashine. Nyinyi mko na maji mpaka yanawaua. Lakini kazi ni ileile: maji yawe kwenye kina unachotaka, wakati unaotaka. Kule kila mfereji una vani, yaani lango la mbao ao la chuma, na mtu wa kulifungua na kulifunga. Mtaro wenu wa mradi hauna vani hata moja. Unatoa maji mwezi wa 4 mnapofurahi, na mwezi wa 7 mnapolia unaendelea kutoa. Haujui kiangazi.

Udongo wenu mweusi ni majani na mizizi ya miaka mingi iliyokaa ndani ya maji bila kuoza sawasawa. Ukiutoa maji kidogo, unazaa kupita udongo wowote wa mlimani. Ukiutoa sana, unanywea na kushuka, na ukikauka kabisa unakataa maji. Hayo ndiyo unayoyaona na arozwari yako. Tena unashika moto. Moto wake hauonekani, unatambaa chini kwa chini majuma mengi, unaona moshi tu na ardhi inabomoka. Mtu anayechoma majani kando ya bonde mwezi wa 8 mkatazeni, awe nani.

Sasa hesabu ya kijana wenu. Mizizi ya shu inatafuta maji katika sentimita arobaini, hamsini za juu. Mtaro wa mita mbili utashusha maji mpaka huko chini. Shu litashuka na kamba? Na sementi ndiyo mbaya zaidi: kwenye udongo huo itazama upande mmoja na kupasuka, halafu pale ambapo haijapasuka itazuia maji ya vitalu kuingia mtaroni. Mtakuwa mmelipa ili maji yabaki shambani.

Fanyeni hivi. Siku mvua kubwa inanyesha, usikae nyumbani. Vaa shitingi, nenda usimame kando ya bonde, uangalie maji yanaingilia wapi. Kwa kuwa yanawaletea mchanga, nina hakika sehemu kubwa ni ya mlimani. Hayo yanatakiwa kukamatwa kabla hayajagusa vitalu. Chimbeni mfereji kwenye mguu wa mlima, unaofuata mlima wenyewe, upana wa jembe mbili, kina cha goti, upeleke maji kwenye kijito chini ya bonde. Udongo mnaotoa mwagieni upande wa bonde uwe tuta, mpande tripsacum ao setaria juu yake. Mizizi itashika na ng'ombe ao mbuzi watapata majani.

Mteremko wa mfereji huo ndio siri. Ukienda wima unachimbika wenyewe na kuwa korongo, ukilala unajaa mchanga. Nasi tulitumia miti mitatu iliyofungwa kama herufi A, miguu imeachana mita mbili, jiwe linaning'inia kwa uzi kutoka juu. Kwanza weka alama pale uzi unapopita miguu ikiwa sawasawa. Halafu chini ya mguu wa mbele funga kibao cha nusu sentimita. Kila hatua uzi ukirudi kwenye alama, umeshuka nusu sentimita kwa mita mbili, yaani sentimita 25 kwa mita mia. Piga kijiti, sogeza bila kugeuza, mguu wa kibao uwe mbele daima, endelea. Wamama wawili wanamaliza upande mmoja wa bonde lenu kabla ya saa sita, na hakuna inginia atakayewacheka.

Mtaro wa katikati msiufukie. Uwekeeni vani. Bonde likishuka mita moja tangu juu mpaka chini (pimeni na tuyo ya plastiki inayoonyesha maji ndani), wekeni nne, ili kila moja ishike tofauti ya sentimita 25. Vani yenyewe ni nguzo mbili za mti zilizopigiliwa ndani kabisa, na vibao vinavyoteremka katikati yake kimoja juu ya kingine. Nisikilize vizuri hapa. Watu wanatia akili yote kwenye mbao na kusahau pembeni. Maji hayapigani na mbao, yanatafuta udongo laini ulio kando ya nguzo, yanaanza na tundu la kidole. Usiku mmoja wa mvua yanatosha: asubuhi unakuta vibao vimesimama vizuri kabisa, na mtaro mpya unapita kando yake. Kwa hiyo chimbeni ndani ya kuta zote mbili, jazeni mifuko ya udongo wa mfinyanzi (si ule mweusi, leteni mwekundu wa mlimani), mshindilie kwa miguu, mpaka hatua moja ndani kila upande. Na chini, pale maji yanapoangukia, panga mawe.

Masika mnatoa vibao. Mwezi wa 5, mvua zinapoanza kuachana, mnarudisha kimoja kimoja. Msingoje mwezi wa 7, mtakuwa mnafunga mtaro mtupu. Maji yabaki kama sentimita 40 ao 50 chini ya uso wa kitalu. Kuyaona ni rahisi, chimba tundu katikati ya shamba, chomeka bomba lenye vitundu, tia kijiti. Kijiti kinasema ukweli kuliko mwenyekiti wa kikundi.

Motopompe tutazungumza baada ya kupima kijito. Mwezi wa 8, zuieni maji kidogo yapite kwenye bomba ao mgomba uliopasuliwa, wekeni bidoni ya litri 20, hesabu. Ikijaa kwa sekunde 10, mko na litri 2 kwa sekunde, mita za ujazo kama 170 mchana na usiku. Mboga za kiangazi zinakunywa milimita 5 hivi kwa siku, na milimita moja kwenye hekta ni mita za ujazo 10, kwa hiyo hekta inataka 50. Weka mara mbili, maana mengi yanapotea njiani. Kijito hicho kinawatosha hekta moja na nusu, tena mkikinga maji ya usiku kwenye kibwawa. Bonde likiwa kubwa kuliko hapo, motopompe itawapatia ugomvi tu.

Agronomu_Bagira

Muzee amesema karibu yote, aksanti. Naongeza machache kwa sababu kitu hiki nakiona kila bonde ninalotembelea, Kabare na Walungu.

Kushuka kwa udongo ambako Muzee anataja si maneno ya wazee tu. Uingereza, mahali panapoitwa Holme Fen, walipotaka kukausha kinamasi katikati ya karne ya 19 walisimika nguzo ya chuma mpaka kwenye udongo mgumu, kichwa chake kikiwa sawa na uso wa ardhi. Leo nguzo ile inasimama mita 4 hivi juu ya ardhi. Nguzo haikupanda. Uholanzi nayo, sehemu kubwa ya mashamba yake ya udongo wa namna hiyo yako chini ya usawa wa bahari kwa sababu hiyohiyo, na inabidi pampu zifanye kazi daima. Sisi hatuna bajeti ya kuwa Uholanzi.

Mama, pima pH, yaani uchachu wa udongo, kabla ya kununua mbolea yoyote. Mabonde yetu mengi ni machachu, na mkikausha ghafla yanazidi. Kama mtaroni unaona utando wa rangi ya kutu juu ya maji, hiyo ni chuma. Mpunga unaumia nayo sana, mboga nazo hazifurahi. Chokaa kidogo na majivu ya jikoni vinasaidia, lakini kwenye udongo mweusi kiasi kinachohitajika ni kikubwa kuliko watu wanavyodhani, kwa hiyo anzeni na vitalu vichache. Kule Mulungu, INERA, wale wa utafiti wa kilimo, ni jirani zenu, watu wa udongo wapo, nendeni na sampuli.

Vitalu viinueni: upana wa mita moja au moja na robo, njia ya sentimita 40 katikati, na udongo wa njia mnautupia juu ya kitalu. Hiyo peke yake inawapa shu sentimita 20 za kupumua bila kugusa mtaro.

Nasema na jambo la nchi, nisamehewe. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, inaihesabia Kongo hekta kama milioni 7 zinazoweza kumwagiliwa, na zilizotengenezwa hazifiki hata asilimia moja. Kila mkutano utasikia tunataka mabwawa, tunataka milioni za dola. Lakini mabonde yanayolisha Bukavu kiangazi, msimu C kama tunavyouita, yamechimbwa na wamama kwa jembe, na yakiharibika yanaharibika kwa mtaro mmoja uliochimbwa bila kupima. Hata Misri, walipokwisha kujenga bwawa kubwa la Aswan mwaka 1970, ilibidi wazike mabomba ya kutoa maji chini ya mashamba ya delta, kwa sababu maji ya mwaka mzima yalikuwa yanapandisha chumvi. Kuleta maji na kuyatoa haviachani. Kwetu milimani chumvi si tatizo, mvua inaiosha. Muzee atasema ya uwandani.

Muzee_wa_Vani

Ya uwandani ni kweli. Kuna sehemu chini huko, ukiacha mpunga misimu miwili bila kuosha, udongo unatoka weupe juu, hata majani ya ng'ombe hayaoti.

Kafubu_Lshi

Bakubwa, jambo toka Lubumbashi. Huku mvua ni moja tu kwa mwaka, toka mwezi wa 11 mpaka wa 3 ao wa 4, kisha ni jua na baridi ya mwezi wa 6, kwa hiyo bila kumwagilia hatuli mboga. Tuko kando ya Kafubu na motopompe tunaijua. Fiston, petroli si litri mbili. Ukihesabu mafuta ya injini, bujii, na siku fundi hapatikani, sehemu kubwa ya pesa ya shu inaenda huko. Inalipa ukiwa na tomate ao pilipili ya bei, na soko karibu.

Mukinunua kweli: pampu isikae juu ya maji zaidi ya mita 5, na kwenye miinuko kama yetu hata hizo ni nyingi. Krepini, lile chujio la mdomo wa bomba la kunyonya, itieni ndani ya kikapu ao ndoo yenye vitundu, isiguse tope. Kwa udongo mweusi kama wa Mama, tope litakula pampu mbele ya msimu kuisha. Halafu muangalie juu ya mto kuna nini. Huku kwetu kuna maji ambayo hatumwagilii, sababu ya migodi na viwanda.

MamaMboga_Mudaka

Aksanti sana, wote. Nimewasomea wenzangu chini ya mti. Kijana wa sementi amenuna, lakini wamama wameshaanza kutafuta miti ya herufi A.

Mambo mawili yamebaki. Wenye mashamba ya juu wanataka vibao vifungwe mapema, wa chini wanaogopa mvua ya mwisho itawafunika. Nani atafungua na kufunga? Mwenyekiti wetu ana shamba juu, tayari watu wananung'unika. Na swali langu la bwasa hakuna aliyeligusa.

Agronomu_Bagira

La bwasa nalijibu mimi. Sheria ya ardhi ya 1973 inasema ardhi yote ni mali ya Taifa, lakini kule bondeni unajua mwenyewe anayeamua ni mwenye kalinzi (haki ya kudumu ya ardhi kwa desturi) na mkubwa wa kijiji. Bwasa ni ya msimu. Ukipanda mti ao kujenga kitu cha kudumu, mwenye shamba anaona unataka kumnyang'anya, na ana haki ya kuogopa. Kwa hiyo msianze kazi kabla ya kuongea naye. Nendeni na kasiksi (pombe ya ndizi) kama desturi inavyotaka, mumwambie: sisi tunatia mikono na miti, vani ni zako siku tukiondoka, wewe unatupatia misimu sita bila kupandisha bei na bila kumpa mwingine. Muandike, asaini mbele ya mkubwa wa kijiji na majirani wa pande zote, kila upande ubaki na karatasi yake. Akikataa kuandika, basi fanyeni mfereji wa mlimani na vitalu tu, hivyo havina gharama ya mbao, na hasara yenu itakuwa jasho.

Na waiteni walio chini ya bonde lenu. Maji ya mlimani mnayoyakwepesha yataingia kwao kwa kasi. Wasiposhirikishwa watakuja usiku kuvunja, na mimi sitawalaumu.

Muzee_wa_Vani

Mlinzi wa vani: chagueni mwenye kitalu cha chini kabisa. Mwenye kitalu cha juu akisahau kufungua, anayezama ni mwingine. Wa chini akisahau, anazama yeye. Kule uwandani nako tulimpa wa mwisho wa mfereji, ila kwa sababu ya kinyume: maji yakimfikia yeye, ujue wote wamekwisha kupata. Na mumlipe. Fungu la mboga kwa kila mtu siku ya soko linatosha, lakini lisikose, maana mtu wa bure hafungui vani saa nane za usiku mvua ikinyesha. Tarehe ya kurudisha kibao cha kwanza mkubaliane sasa hivi, kabla mawingu hayajaanza kuwagombanisha, na kijiti cha tundu ndicho kitaamua vingine. Salongo (kazi ya pamoja) ya kusafisha mitaro ni mara mbili, mbele ya mvua za mwezi wa 9 na kwenye mwezi wa 2. Asiyekuja analipa.

Mwenyekiti mumwachie kitabu cha makuta.

Kuhusu mbao, maana utaniuliza: unene wa sentimita 4 ao 5, mti mgumu uliokauka. Mkaratusi mbichi unapinda kwa juma moja na kibao hakishuki tena kwenye nafasi yake. Kila kibao kimo cha sentimita 10 tu, ili mtu mmoja aweze kukitoa maji yakikisukuma, na tobo mbili za kupitishia kamba. Msipake mafuta machafu ya gari kama wanavyofanya kwenye nguzo za nyumba, hayo ni maji mnayooshea karoti.